Barua ya wazi kwa wanaotunza kumbukumbu za askari wastaafu: namba ni yangu, maisha yaliyoandikwa si yangu

Ng'ambo,
Tabora.

Kwa wakuu mnaosimamia kumbukumbu na mafao ya askari wastaafu.

Waheshimiwa,

YAH: KUSAHIHISHWA KWA KUMBUKUMBU ZA UTUMISHI WANGU JESHINI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni koplo mstaafu. Nilizaliwa Urambo mwaka 1954, nikaandikishwa jeshini mwaka 1975, nikaondoka mwaka 1991 kwa uamuzi wa bodi ya madaktari. Sasa naishi hapa Tabora mjini na umri wangu umeshavuka sabini. Huo ndio utumishi wangu kwa kifupi. Katika kumbukumbu mnazozitunza, karibu kila kipengele chake kimeandikwa vingine.

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani nimezipita zote. Nilianza na barua iliyopitia serikali ya mtaa na kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, kama utaratibu unavyotaka. Nikaandika moja kwa moja kwenu. Nikapanda treni nikaja mwenyewe. Kila mara nimepokelewa kwa adabu, na hilo nalishukuru. Vijana wa mapokezi wananiamkia na kunipa kiti. Barua zangu hugongwa muhuri wa kupokelewa, naambiwa suala langu linashughulikiwa, kisha kimya. Hakuna aliyewahi kunijibu kwa maandishi kwamba nimekubaliwa au nimekataliwa. Aliyekataliwa anaweza kukata rufaa. Mimi sijapewa hata hicho cha kukatia rufaa.

Shauri lenyewe liko kwenye karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti nilichokabidhiwa kikosini siku ya kuondoka, mwaka 1991. Ya pili ni taarifa ya utumishi niliyochapishiwa miaka mingi baadaye, wakati wa uhakiki wa wastaafu, kumbukumbu za makaratasi zikiwa zimeshaingizwa kwenye kompyuta. Zote mbili zina muhuri. Zote mbili zina namba yangu ya jeshi, tarakimu kwa tarakimu. Lakini zinaeleza askari wawili tofauti, na ofisi imeishikilia ile ya pili. Makosa yake ni haya:

1. Jina. Jina la baba yangu lina herufi L. Kwenye taarifa yenu limeandikwa kwa R. Najua mtu ataona ni jambo dogo, na hata sisi Wanyamwezi hatugombani juu ya herufi hizo. Mtemi wetu aliyefariki mwaka 1884, shule hapa mjini inamwandika Milambo na kambi inamwandika Mirambo, na hakuna anayedhani walikuwa watemi wawili. Kwenye malipo mambo ni tofauti. Kitambulisho changu cha taifa kina L, akaunti ya benki ina L, cheti cha 1991 kina L. Nilipoambiwa niape, niliapa mbele ya wakili kwamba jina langu ni lenye L. Kiapo kikapokelewa, herufi ikabaki vilevile.

2. Tarehe ya kuandikishwa. Taarifa inasema niliingia jeshini Julai 1979. Vita ya Kagera ilimalizika mwanzoni mwa Juni mwaka huo. Kwa karatasi hiyo, mimi vita sikuiona.

Waheshimiwa, nilikuwapo. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa, nilikuwa na miaka mitatu ya utumishi. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba tulimsikiliza redioni tukiwa tumeshaambiwa tufunge mizigo. Tulipakiwa pale stesheni ya Tabora, treni ikashika njia ya Mwanza, na kutoka Mwanza tukapanda meli hadi Bukoba. Nilivuka Mutukula Januari 1979. Nilikuwapo Masaka ilipochukuliwa Februari. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Machi nilikuwa Lukaya, kwenye ile barabara inayokatisha kinamasi cha mafunjo, mahali ambapo gari likisimama hakuna pa kupishana na mtu akilala chini analala kwenye maji. Hapo ndipo nilipoumia. Kampala ilipochukuliwa Aprili, mimi nilikuwa kitandani hospitalini. Nayaeleza haya kwa majina ya mahali na kwa miezi ili mchukue orodha za vikosi mkalinganishe, mstari kwa mstari.

Na ushahidi mwingine uko mikononi mwenu. Namba za jeshi hutolewa kwa kufuatana. Aliyenitangulia kwa namba na aliyenifuata tuliandikishwa siku moja, mwaka 1975. Fungueni rejista hiyo. Haiwezekani namba ya mwaka 1975 ikawa ilikaa bure ikimngoja kuruta wa 1979. Kwa kosa hili miaka minne ya utumishi imetolewa kwenye hesabu ya pensheni yangu, na tangu uhakiki ule napokea pungufu.

3. Jeraha. Sehemu ya majeraha ya kazini imeandikwa "hakuna". Nina kipande cha bomu kwenye paja la kushoto. Vingine vilitolewa, hicho kilibaki kwa sababu kilikaa karibu na mshipa. Kinaonekana kwenye picha ya eksirei niliyopigwa hapa Tabora, na nakala yake pamoja na barua ya daktari mnazo tayari. Nilipoomba msaada wa matibabu niliambiwa kwamba kwa kuwa kumbukumbu hazina jeraha, basi jeraha nililonalo halitokani na kazi.

4. Sababu ya kuondoka jeshini. Hapa naomba mnivumilie, kwani ndipo panaponiuma kuliko penginepo. Cheti cha 1991 kinasema niliondoka kwa sababu za kiafya. Taarifa yenu inasema niliondolewa kwa utovu wa nidhamu.

Upungufu wa pensheni nimejitahidi kuuvumilia. Nina shamba la mahindi na karanga, na mizinga ya nyuki kule Sikonge. Nyumbani kwangu hatulali njaa. Lakini hili siwezi kulivumilia. Nilitumikia miaka kumi na sita. Sikuwahi kulala korokoroni. Sikuwahi kuacha lindo. Cheo cha koplo nilikipata baada ya vita, na sikuvuliwa mpaka naondoka. Cheti kinasema hivyo, na taarifa yenu yenyewe inaniita koplo.

Sisi sote tunajua kwamba jeshini mtu haondolewi kwa utovu wa nidhamu kimya kimya. Shitaka huandikwa. Askari hupelekwa mbele ya mkuu wa kikosi, amevuliwa kofia na mkanda, akasomewa kosa na kuulizwa kama ana la kusema. Kosa likiwa kubwa zaidi iko mahakama ya kijeshi, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966. Adhabu huandikwa, husainiwa, hutangazwa kikosini. Kila hatua huacha karatasi. Nimewauliza: shitaka langu lilikuwa lipi? Lilisomwa tarehe gani? Nani alilisikiliza? Adhabu ilitiwa saini na nani? Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Mimi sikusikilizwa mwaka 1991 kwa kuwa hapakuwa na kesi ya kusikiliza. Nimehukumiwa miaka mingi baadaye, na mtu aliyekuwa akijaza nafasi kwenye kompyuta.

Mjukuu wangu alipotaka kujiunga na jeshi aliulizwa habari za familia yake. Alijibu kwa fahari kwamba babu yake alikuwa askari wa vita ya Kagera. Alirudi nyumbani ameinamisha kichwa, akaniuliza: "Babu, ulifanya kosa gani?" Nilimwonyesha cheti, nikamwonyesha medali ya vita niliyovalishwa kikosini mbele ya wenzangu. Ananiamini. Lakini mtoto wa watu hakupaswa kufikishwa mahali pa kuchagua kati ya neno la babu yake na muhuri wa serikali.

5. Familia. Kwenye nafasi ya mke limeandikwa jina la mwanamke ambaye simjui. Watoto walioorodheshwa si wangu. Mke wangu tuliyeoana mwaka 1981, na watoto wetu, hawamo. Nikifa leo, mjane wangu atakwenda kufuatilia mirathi na ataambiwa hatambuliki.

Yawekeni yote matano pamoja. Kikosini kwetu miaka ya 1980 alikuwapo mwenzangu ambaye jina lake liliandikwa kama langu, isipokuwa hiyo herufi moja. Yeye ana R. Aliandikishwa baada ya vita. Hakujeruhiwa. Aliondoka kabla yangu, kwa sababu zake. Nilipowauliza wazee tuliotumikia pamoja kuhusu yule mwanamke aliyeandikwa kuwa mke wangu, walinijibu bila kusita kwamba ni mke wa mwenzetu yule. Sitamtaja, na nawasihi wanaosoma barua hii wasimtafute wala kumkisia. Yaliyompata ni yake na nyumba yake.

Kwa hiyo sidai kwamba kuna mtu alikusudia kunidhulumu. Ninachoamini ni kwamba mafaili mawili yalichanganywa, na yaliyomo kwenye faili lake yakaandikwa chini ya namba yangu. Hili nimeshalieleza kwenu kwa mdomo na kwa barua. Kazi ya kulithibitisha ni ya asubuhi moja: mafaili mawili, meza moja, afisa mmoja mwenye subira. Nisichokielewa ni kwa nini asubuhi hiyo haijapatikana mpaka leo. Na huenda kwa upande wa pili iko familia nyingine inayobeba karatasi zangu na kukosa haki zake.

Majibu mtakayotoa nayajua, kwa kuwa nimeshapewa mlangoni. Naomba niyajibu hapa.

Nimeambiwa faili la zamani halionekani masijala. Inawezekana. Mjukuu wangu alinisomea habari za Marekani, ambako tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza jengo la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis na kuteketeza mafaili yanayokadiriwa kuwa kati ya milioni 16 na milioni 18. Hawakuwaambia wastaafu wao warudi nyumbani. Walirudi kwenye orodha za mishahara, kwenye rejista za hospitali, kwenye nyaraka za vikosi na kwenye nakala za askari wenyewe, wakaanza kuunganisha upya utumishi wa mtu mmoja mmoja, na kazi hiyo imeendelea kwa miongo. Sisi hatukuunguliwa na jengo. Nililipwa mshahara kila mwezi tangu 1975; orodha zipo. Nililazwa hospitali ya jeshi 1979, rejista ipo. Bodi ya madaktari ilikaa 1991 na wajumbe wake walitia saini.

Nimeambiwa pia kwamba muda umepita, ningelalamika 1991. Mwaka 1991 nilikuwa na cheti sahihi mkononi, ningelalamikia nini? Kosa nililiona siku ya uhakiki, na nilianza kulilalamikia siku ileile. Huko Marekani sheria ya mwaka 1946 ilileta bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, na wanaokaa kwenye bodi hizo ni raia. Askari hupewa miaka mitatu, lakini huhesabiwa tangu alipoligundua kosa, na bodi inaweza kuuweka kando hata muda huo pale haki inapotaka. Sisemi tuige kila kitu chao. Nasema hata wale wenye saa kali wameacha mlango.

Kuhusu siri za jeshi: nilikula kiapo na sijakivunja. Sijaomba ramani, sijaomba idadi ya silaha, wala majina ya walioko kazini. Naomba kuona yaliyoandikwa juu yangu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwombaji jibu ndani ya siku 30. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu ziwe sahihi, na inampa mhusika haki ya kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Najua sheria hizi zinaacha nafasi kwa mambo ya usalama wa taifa, na ni sawa ziiache. Jina la mke wangu si jambo la usalama wa taifa.

Lipo jibu moja ambalo lina uzito, nami nalipa heshima yake. Nimeambiwa kwamba mkifungua mlango huu watajitokeza watu wa uongo, kila mzee atadai alikuwa Lukaya. Kweli wapo. Nimewahi kukaa kijiweni na mtu anayesimulia vita asiyoijua, nami nikanyamaza. Hiyo ni sababu ya kuhakiki kwa makini: muiteni anayedai, muulizeni kombania yake, mkuu wake wa platuni, njia aliyopita, kisha mfungue daftari. Mwongo hataipita nusu saa. Mimi naomba nihojiwe hivyo, na naomba nihojiwe mapema.

Na kuhusu mfumo wa kompyuta kutoruhusu kubadilisha: mfumo huo ulipokea R ilipoandikwa na mtu. Utaipokea na L.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, nijibiwe kwa maandishi, jibu lenye kumbukumbu namba na cheo cha aliyelitoa, ndani ya siku 30 tangu barua hii itakapowafikia. Pili, mafaili yetu mawili yaletwe pamoja na kulinganishwa na rejista ya uandikishaji ya 1975, orodha za vikosi za 1978 na 1979, na nyaraka za bodi ya madaktari ya 1991, nami niwepo. Tatu, kosa likithibitika, taarifa ile ifutwe, nipewe nyingine inayosema wazi kwamba ya awali ilikuwa na makosa, ili isije ikafufuliwa na karani mwingine baada ya mimi kuondoka duniani. Maneno ya utovu wa nidhamu yaondolewe kabisa. Hayo ndiyo ninayoyatanguliza, mbele ya fedha. Nne, pensheni ikokotolewe upya na malimbikizo yalipwe. Na kama baada ya uchunguzi mtaona mimi ndiye nisiye na haki, niambieni hivyo kwa maandishi na kwa sababu, nijue pa kwenda.

Kwa ajili ya wenzangu naongeza ombi moja. Wazee wa vita ile tumetawanyika Urambo, Kaliua, Nzega, Kasulu, Kibondo. Wengi hawawezi tena kupanda treni wala basi kufuata masijala ya mbali, na wengine hawajawahi kuisoma taarifa yao ya utumishi, hivyo hawajui imeandikwa nini. Tumeni maofisa mikoani na mafaili, hata mara moja kwa mwaka, wakae Tabora wiki moja na Kigoma wiki moja, kila mstaafu asomewe kumbukumbu zake zote naye asaini kwamba ni zake. Mkianza na waliovuka miaka sabini mtakuwa mmetenda haki, kwa kuwa kila mwaka tunazikana.

Mashahidi wangu wako hai. Wawili wapo Sikonge, na mmoja yuko Ujiji. Huyo ndiye aliyenibeba Lukaya. Yeye hatembei tena, itabidi afuatwe nyumbani. Kumbukumbu zake ziko timamu, na amesema atakula kiapo mbele ya yeyote mtakayemtuma.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Koplo mstaafu,
Ng'ambo, Tabora.

Nakala: Ofisi ya serikali ya mtaa; mshauri wa mgambo wa wilaya; mbunge wetu.

Viambatisho, ambavyo asili zake nitakuja nazo mwenyewe nikiitwa: cheti cha 1991, taarifa ya utumishi, kiapo cha jina, cheti cha ndoa, picha ya eksirei na barua ya daktari.